Mwenye Kadi na Asiye na Kadi

Wasomaji wa jarida hili ni wa namna mbili, na hatuoni haya kulisema jambo hilo waziwazi. Wa kwanza ni mkereketwa wa mageuzi. Ana kadi ya chama, anaijua njia ya kwenda mkutanoni hata gizani, na macho yake yamekwisha kuonja moshi wa polisi. Wa pili ni yule anayelipokea jarida mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Hana kadi ya chama chochote, hakupata kuinunua wala hana nia ya kuinunua. Hupiga kura, au huacha kupiga, kwa sababu zake mwenyewe. Wawili hawa husoma ukurasa mmoja, na mara nyingi huketi benchi moja, lakini kila msimu wa kampeni unapoingia hutazamana kama wageni. Wa kwanza humwita wa pili mwoga. Wa pili humwona wa kwanza kuwa mtu wa fujo. Tahariri hii inawahusu wote wawili, maana katika nchi hii hakuna uchaguzi ambao mmoja wao aliwahi kuushinda bila mwenzake.

Na tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina chama. Katika uchaguzi wa rais wa Agosti 2022, William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141, naye Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Waliojiandikisha walizidi milioni 22, na waliofika vituoni walikuwa kama asilimia 65. Maana yake ni kwamba watu zaidi ya milioni saba, ambao majina yao yalikuwa daftarini, hawakwenda. Kwa kila kura moja iliyowatenganisha wagombea wale wawili, kulikuwa na watu wasiopungua thelathini walioketi nyumbani. Hatusemi kwamba wote thelathini hawana chama. Wamo wenye kadi waliochoka, wamo wagonjwa, wamo waliokuwa kwenye vibarua mbali na vituo vyao. Lakini mwaka 2013 waliofika walikuwa kama asilimia 86, na magonjwa na vibarua vilikuwapo mwaka huo pia. Kuna kundi kubwa la Wakenya ambalo vyama vimeacha kulisemesha, nalo limeacha kuvisikiliza.

Ni nani hasa huyu asiye na kadi? Waandalizi wa kampeni zetu hupenda kumweleza kana kwamba ni mtu aliyesimama katikati ya sera mbili akizipima, kodi mkono huu na hospitali mkono ule. Wapo wa namna hiyo, lakini ni wachache. Mkenya asiye na chama, hasa aliyevuka miaka hamsini, alifunzwa kukaa mbali na chama, tena alifunzwa na chama chenyewe.

Mwaka 1968 Katiba ilibadilishwa, na mtu asiyedhaminiwa na chama akanyimwa nafasi ya kugombea ubunge. Mwaka 1982 kikaja kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Ndipo kadi ilipogeuka kutoka alama ya hiari ikawa kibali. Katika miaka hiyo ya themanini vijana wa KANU walisimama penye milango ya masoko na kwenye vituo vya magari wakimdai mama mwenye kikapu cha mboga aonyeshe kadi yake kabla ya kupita. Mama huyo aliinunua. Aliinunua kama anavyokata tikiti ya gari, na hakuna aliyemwuliza anaamini nini. Wanawe na wajukuu wake walikulia katika nyumba ambamo kadi ya chama ilikuwa kitu cha kuonyeshwa askari.

Halafu ukaja mlolongo. Katika kura za mchujo za mwaka 1988 wanachama wa KANU waliambiwa wapange foleni hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, wahesabiwe mchana kweupe. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na kura ya siri haikupigwa tena katika eneo lake. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Wenye kadi walipewa uwezo wa kumaliza uchaguzi kabla wasio na kadi hawajafika. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikwisha kuupinga utaratibu huo tangu mwaka 1986 ulipotangazwa, na miongoni mwa maaskofu waliopaza sauti dhidi ya maovu ya nyakati zile walikuwa Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari. Hoja ya makanisa ilikuwa rahisi, nayo haijazeeka. Mchungaji asimame nyuma ya nani Jumatatu, kisha Jumapili amhubirie nani? Mwalimu, mwenye duka, mkunga wa kijiji, kila mtu ambaye kazi yake ni kuwahudumia watu wa pande zote, alilazimishwa ama kujitangaza ama kukaa nje.

Hao waliochagua kukaa nje ndio baba na mama wa wapiga kura tunaowatafuta hivi leo. Wanapoona lori la vijana wenye fulana za rangi moja likiingia sokoni huku honi ikilia, hawaoni demokrasia ikija. Wanaona foleni.

Vyama vingi viliporudi, baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991, tulidhani somo hilo limeeleweka. Tarehe 18 Januari 1992 FORD ilifanya mkutano wake wa kwanza wa halali katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na umati uliofurika siku ile uliwalevya viongozi wetu. Hilo ni neno kali, lakini hatuna jingine linalofaa. Kila kiongozi aliyeutazama umati ule aliona urais wake ndani yake. Kabla ya mwaka kwisha FORD ilikuwa mbili, FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na pembeni kulikuwa na chama cha DP cha Mwai Kibaki. Matokeo ya Desemba 1992 yanajulikana: Daniel arap Moi asilimia 36 hivi, Matiba 26, Kibaki 19, Odinga 17. Karibu Wakenya wawili katika kila watatu walimkataa rais, naye akarudi Ikulu.

Watu wengi husimulia habari hiyo kama kisa cha viongozi wenye uroho. Ni kweli, lakini si yote. Makanisa yaliwaita viongozi hao mezani mwaka huo huo wa 1992 wapatane, na mapatano yakashindikana. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba kila kiongozi alikuwa amezungukwa na wafuasi ambao hawangemsamehe akimwachia mwingine. Mfuasi sugu ndiye aliyeifunga mikono ya bwana wake. Aliimba jina moja tu kwa miezi kumi. Jina hilo likitolewa, ameimba bure. Na huku sheria mpya ilimtaka rais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Sheria hiyo ilitungwa na KANU kwa faida yake, hatuna shaka, lakini ilikuwa pia swali kwa upinzani: mbali na wale wanaokuimba kwenu, ni nani mwingine anayekujua? Moi peke yake aliweza kulijibu. Noti za shilingi 500 zilizogawanywa na vijana wa YK'92, mpaka watu wakaipa noti yenyewe jina la Jirongo, zilisaidia jibu hilo. Vitisho na mapigano ya Bonde la Ufa vilisaidia pia. Lakini upinzani haukuwa na jibu lolote, chafu wala safi.

Mwaka 1997 mambo yakarudiwa, vyama vikiwa vingi zaidi. Hatutapoteza wino huko.

Mwaka 2002 ndio unaostahili kusomwa taratibu. Tarehe 14 Oktoba katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Raila Odinga alisimama mbele ya umati wake mwenyewe akatamka maneno mawili, "Kibaki tosha." Wengi huyakumbuka maneno hayo kama zawadi kwa Kibaki. Sisi twayakumbuka kwa ajili ya wale walioambiwa. Raila hakuanza kwa kuwabembeleza wasio na chama. Alianza kwa kuwaambia wafuasi wake, uso kwa uso, jambo ambalo hawakulitazamia, na akabeba mwenyewe uzito wa kuwaambia. Mfuasi aliyeambiwa ukweli na kiongozi wake hadharani anaweza kuumeza hata ukiwa mchungu. Anayeusikia redioni, au kwa jirani, atautapika. Na Kibaki alipoumia katika ajali ya gari mwanzoni mwa Desemba, wenzake ambao walikuwa na vyama vyao na wafuasi wao waliizunguka nchi wakiomba kura kwa jina lake. Mfuasi wa Wamalwa, mfuasi wa Ngilu na mfuasi wa Raila, kila mmoja aligonga mlango wa jirani yake akiwa na jina ambalo si la kwao.

Walipogonga milango hiyo walikuwa na neno la kusema. Elimu ya msingi bila malipo si neno la chama. Mama asiye na kadi, asiyejali nani ni mwenyekiti wa nani, alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, akasikiliza. NARC ilipata asilimia 62, na Januari 2003 watoto wakafurika madarasani. Hakuna kampeni nyingine katika historia yetu iliyomtosheleza mkereketwa na jirani yake kwa wakati mmoja kiasi hicho.

Lakini hatuwezi kukifunga kitabu hapo. Mkataba uliowaunganisha washirika wa NARC haukuheshimiwa, na wale wafuasi waliokubali kumeza mchungu waliona wamemezeshwa bure. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 nyumba ilikuwa imepasuka, na Desemba 2007 wafuasi waliokutana vituoni walikuwa maadui. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Makanisa nayo, yaliyopaswa kuwa makao ya asiye na kadi, yalikuwa yamekwisha kugawanyika kwa vyama. Viongozi wa NCCK walikiri jambo hilo hadharani mapema mwaka 2008, kwamba walikuwa wameegemea pande. Twalitaja kwa sababu wako wanaodhani mfuasi ni ngazi ya kupandia, na ukishafika juu unaweza kuisukuma kwa mguu. Ngazi hiyo ina kumbukumbu.

Basi mfuasi adaiwe nini, na alipwe nini? Twajua manung'uniko yake, maana yanatufikia kila wiki. Husema: sisi ndio tuliopigwa Saba Saba ya mwaka 1990. Sisi ndio tuliokuwapo tarehe 7 Julai 1997, polisi walipoingia na kuwapiga watu ndani ya Kanisa Kuu la All Saints. Hao mnaotutaka tuwabembeleze walikuwa wapi? Walikuwa wamefunga madirisha. Na sasa kampeni inapoanza, mgombea anatuvua fulana zetu asije akawatisha.

Manung'uniko haya yana haki ndani yake, na mgombea anayeyapuuza ni mjinga. Uhuru wa kukaa nyumbani bila kadi, bila kuulizwa na mtu sokoni, ulinunuliwa na watu waliotoka. Lakini kura ya aliyefunga dirisha ina uzito ule ule wa kura ya aliyepigwa rungu, na ndilo jambo hasa lililopiganiwa. Aliyelipigania hawezi tena kulikasirikia. Anachoweza kudai, na adai kwa sauti, ni haki ndani ya chama chake.

Hapo ndipo tunapofika penye kidonda. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya kugombea bila chama, mradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ni kifungu cha 85, nacho kilifuta dhuluma ya mwaka 1968. Na kimetumika: mwaka 2017 kaunti za Laikipia na Isiolo zilichagua magavana wasio na chama, na mwaka 2022 Meru na Taita Taveta zikafanya hivyo. Wagombea huru wa viti vya chini wamekuwa maelfu. Lakini chunguza walikotoka. Wengi wao hawakuwa huru hata kidogo. Walikuwa wakereketwa wa vyama waliodhulumiwa katika mchujo. Aprili 2017 mchujo wa Jubilee ulivurugika siku ya kwanza kabisa, kura zikakosekana katika vituo vingi, na chama kikalazimika kuufuta na kuurudia. Vyama vingine havikuwa na la kujivunia. Penye fujo hakuna, pana tiketi ya moja kwa moja inayotolewa Nairobi na watu wasiolijua soko la wadi, na jina la aliyelipa hupanda juu ya jina la aliyetembea.

Mchujo mbaya huua mara mbili. Humwua mfuasi, ambaye anajifunza kwamba kadi yake haina thamani hata ndani ya nyumba yake. Tena humwua asiye na chama, ambaye alikuwa amesimama kando akitazama jinsi ndugu wanavyotendeana kabla hajaamua kuingia. Hahitaji kusoma manifesto. Mchujo ndio manifesto anayoielewa. Akiona viti vinarushwa, masanduku yanaibwa na wazee wanasukumwa, atasema moyoni: hawa wakipewa serikali watatufanyaje sisi tusio wao? Hakuna bango la barabarani litakalolifuta swali hilo.

Pia asidanganyike yeyote kwamba dawa ni kuvikimbia vyama vyote. Gavana wa Meru aliyechaguliwa mwaka 2022 bila chama alikabiliwa na hoja za kuondolewa zilizopitishwa na bunge la kaunti mara tatu, na Agosti 2024 Seneti ikaidhinisha aondolewe. Hatuingii katika mashtaka yenyewe, ambayo yalikuwa na wakili wa kila upande. Twasema tu kwamba mtu mmoja aliyependwa na wapiga kura, akikosa wenzake ndani ya bunge, huamka kila siku akiwa peke yake.

Na ipo kazi ambayo asiye na kadi hawezi kuifanya, hata akiwa na moyo safi kiasi gani. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo zaidi ya 46,000. Katika kila kituo kura huhesabiwa hapo hapo, na matokeo ya rais huandikwa katika Fomu 34A. Mgombea asipokuwa na wakala wake ndani ya chumba hicho, mtu anayesoma na kuandika, aliyekula kabla ya kuja, asiyeweza kununuliwa saa tisa za usiku, basi mgombea huyo hana macho mahali hapo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika, fomu na jinsi zilivyopelekwa zilikuwa katikati ya kesi. Ni nani atakayekaa usiku kucha akiilinda karatasi? Si jirani yetu mpole aliyepiga kura saa tatu asubuhi akaenda zake shambani. Ni mkereketwa. Kampeni inayomdharau katika Mei kwa sababu kelele zake zinawakera watu wa tabaka la kati itamtafuta katika Agosti, na haitamwona.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale washauri wanaomwambia mgombea awe na lugha mbili, moja ya moto kwa wafuasi na nyingine ya maziwa kwa wengine. Zamani labda iliwezekana, mkutano wa Kisii usisikike Voi. Siku hizi kila kijana mkutanoni ana simu ya kunasa sauti, na neno lililosemwa kwa lugha ya mama saa nane huwa limefasiriwa nchi nzima kabla ya jua kutua. Mgombea aseme neno moja mahali pote. Kama neno hilo haliwezi kusemwa mbele ya jirani wa kabila jingine, basi hata mfuasi asiambiwe.

Kuhusu vijana tuna haja ya kusema zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaobadilisha maana ya maneno haya. Juni 2024 walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, na wengine wao wakauawa kwa risasi siku ile. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi mswada huo. Sisi tuliozoea mikutano ya majukwaa tulishangaa kuona umati usio na mwenyekiti. Sasa vyama vyote vinawawinda vijana hao, na karibu vyote vinakosea namna moja: huwanunulia fulana. Kijana aliyesema hana chama hakusema kwamba hajapata chama chenye fulana nzuri. Alisema kwamba havitaki vyama jinsi vinavyoendeshwa. Na anayo sababu. Mwaka 2021, orodha za wanachama zilipowekwa mahali ambapo kila mtu angeweza kujitazama, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, majina na vitambulisho vyao vikiwa vimechukuliwa bila idhini, ili chama kitimize idadi inayotakiwa na sheria. Mbele ya soko miaka ya themanini mtu angalau aliulizwa kadi iko wapi. Huyu wa 2021 alipewa kadi akiwa usingizini.

Chama kinachotaka kumpata kijana huyo kianze kwa kulifuta jina lake kama kiliiba, kisha kimwombe. Huenda akakataa. Akikataa uanachama bado anaweza kukubali kupiga kura, na kampeni yenye akili itaridhika na hilo.

Nalo kanisa lisijifiche nyuma ya neno "hatuna upande." Kutokuwa na kadi ni haki, kutokuwa na swali ni uvivu. Tumeona dalili njema. Septemba 2021 huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ndani ya ibada, wakakaa wakasikiliza kama waumini wengine. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa na kurudisha fedha ambazo Rais alizitoa katika kanisa la Soweto. Hizo ni hatua za kuufunga mlango mbovu. Lakini muumini asiye na chama anahitaji mlango mzuri ufunguliwe pia, mahali pa kumwuliza mgombea bila kupiga makofi na bila kupokea kitu. Kama hapati mahali hapo atabaki na vyanzo viwili, uvumi wa jirani na kelele za lori, na kutoka hapo ataamua kukaa nyumbani kuwa mmoja wa wale thelathini.

Pendekezo letu ni dogo, na tunaliomba kila tawi lilijaribu kabla ya mchujo wa uchaguzi ambao Katiba imeupangia Agosti 2027. Mchujo wenyewe ni wa wanachama, na ni sawa uwe hivyo. Mwenye kadi asinyang'anywe kura yake ya ndani. Lakini wiki mbili au tatu kabla ya siku hiyo, tawi liite kikao cha maswali kwa kila wadi, kifunguliwe kwa watu wote, wenye kadi na wasio na kadi. Wote wanaoitaka tiketi wakae meza moja. Wasio wanachama ndio waulize kwanza. Wanachama wasikilize jinsi mtu wao anavyojibu mbele ya jirani asiyewahi kumwimbia, kisha wakapige kura za mchujo wakiwa wamekwisha kujua ni nani kati yao anayeweza kuuzika nje ya ua. Kwa kweli mfuasi hana kipimo kingine. Ndani ya umati wa watu wake kila mgombea ni simba.

Kikao kiwe mchana, ili akina mama warudi nyumbani kabla ya giza. Kifanyike shuleni au katika ukumbi wa kijamii. Kikifanyiwa ukumbi wa kanisa, kiwe cha wagombea wa vyama vyote au kisifanywe humo. Fulana na bendera ziachwe nyumbani, na soda asinunue mgombea. Maswali yaandikwe kwenye karatasi bila majina, yasomwe na mwalimu au mzee asiyegombea kitu, kwa maana wako watu ambao tangu mwaka 1988 hawajazoea kusimama wakaonekana. Na mwishoni katibu wa tawi aweke daftari mezani, lenye kurasa mbili tu zilizopigiwa mistari: ukurasa mmoja wa wanaojitolea kuwa mawakala vituoni, na mwingine wa wale ambao hawakuipata njia ya kituo mwaka 2022 na wangependa mtu awapitie asubuhi.